Unene wa Seli Moja

Mwinshehe, ukuta ule ni mwembamba.
Nimeuona. Unene wa seli moja,
seli zimegusana mabega kama safu ya swala,
na juu yake ute, kama mlenda
uliosahaulika sufuriani.
Upande huu chakula, vijidudu, pilipili ya mishikaki.
Upande ule damu yako.
Katikati hakuna kingine.

Mimi nalishwa na ukuta usio wa mtu.
Unaota kisahanini, ndani ya kabati lenye joto la mwili.
Kila baada ya siku mbili naubadilishia maji yake mekundu,
na umeme ukikatika Upanga
nalikimbilia jenereta kama mama aliyesikia kilio.
Siku ishirini na moja mpaka ukomae.
Halafu tunauchokoza.
Tone moja la kile kinachowasha,
na seli zinaachiana.
Kipimo kinashuka. Ukuta unavuja.

Ila visahani vya safu ya tatu,
vile tulivyovitangulizia maji ya maganda ya kitunguu
(maganda, ndugu yangu, yale Sikudhani wa Buguruni
anayoyapuliza kwa mdomo kabla ya kupanga mafungu)
vilitetereka,
vikasimama.

Mzee Kindamba aliegemea fagio lake:
"Kwa hiyo tule maganda?"
Daktari Mallya akacheka.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona kopo lako.

Kopo la kijani, la Kariakoo, elfu thelathini na tano:
mlonge, manjano, ganda la komamanga,
"husugua utumbo ukabaki mpya."
Ukavifungia vidonge vya hospitali kwenye soksi
kana kwamba ni bangi.
Wiki ya tatu ulikuwa unaamka usiku
na ndoo yako mwenyewe,
unamwaga maji mara mbili, mara tatu,
wapangaji wa Malapa wasije wakaiona damu.
Hatua kumi na nne toka mlangoni hadi chooni.
Uliniambia hesabu hiyo, hukuniambia lingine.

Nitakwambiaje, mimi ninayelipwa kuyasifia majani?
Jani halikudanganya. Aliyedanganya ni kopo.
Mchunga haukujitia uchungu kwa ajili yetu.
Ulikuwa na ugomvi wake na viwavi,
na jua la Januari, na ukungu wa mizizi.
Sisi tumepita tukaiazima ngao yake,
ngao iliyokatwa kwa kipimo cha mwili mwingine,
wakati mwingine inatukaa, wakati mwingine inapwaya.
Na kisahani hakina mdomo.
Hakimezi, hakina ini,
hakikai macho kikiwaza kodi ya miezi sita.
Kwako wewe kitunguu hupita kwanza kwa wengi,
kila mmoja anamega chake,
kinakufikia kama mshahara unavyofika tarehe ishirini.

Hayo yote nilikusudia kuyasema.
Nikasema, "Soksi iko wapi?"
Ukanyoosha kidole chini ya godoro.
Ulikuwa na vidole vyembamba,
sikuwahi kuviona vyembamba hivyo.

Leo Jumapili.
Mama mwenye nyumba ameniazima jiko la mkaa,
kaniuliza mgonjwa anakula nini,
nikajibu: kilicholainika.
Nimekatakata vitunguu viwili vyekundu,
nimeviacha kwenye moto mdogo mpaka vikasahau sura yake,
manjano kwa ncha ya kisu, wali bokoboko, basi.
Sisemi ni dawa. Ni chakula kisichokutafuta ubaya.

Saa mbili. Anza na vidonge.
Vyote vinne, nikiangalia, na usinitolee macho.
Sasa kula.

Maganda usiyatupe.
Nimeyafunga kwenye mfuko, yako pale kando ya mlango.
Kesho nakwenda nayo kazini.